Miezi 68 bila mlango wa nyuma

Kwa mtu kama mimi, ambaye kazi yake ya kila siku ni kusimamia nyumba za kupangisha, kuna kesi moja ya Australia isiyonitoka akilini. Katika kijiji cha Ltyentye Apurte, ambacho wengi hukiita Santa Teresa, kilomita 80 hivi kutoka mji wa Alice Springs ulio jangwani katikati ya nchi, bibi mmoja wa Waarrernte, jamii ya wenyeji asilia, aliishi miezi 68 katika nyumba ya serikali isiyokuwa na mlango wa nyuma. Yeyote aliyewahi kulala katika nyumba isiyofungika anajua usingizi wake huwa wa namna gani. Wapangaji wa kaya 70 walifungua madai mwaka 2016 dhidi ya mwenye nyumba, yaani serikali ya Northern Territory, eneo la kaskazini mwa Australia, na mwaka 2023 mahakama ya juu kabisa nchini humo iliamua kwamba fadhaa kama ile nayo inastahili fidia.

Sisi wasimamizi hupenda kusema kwamba wapangaji ndio wanaobomoa. Shirika la Healthabitat, lililotokana na kazi iliyoanza mwaka 1985 katika ardhi za Waanangu, wenyeji asilia wengine, huko Australia Kusini, lilikagua maelfu ya nyumba na kukuta kwamba kasoro 70 hivi katika kila 100 zilitokana na kukosa matengenezo ya kawaida, nyingi ya zilizobaki zilitokana na ufundi mbovu tangu ujenzi, na zisizofika 10 ndizo zilizosababishwa na wakazi. Wakaguzi wao hawaji na fomu pekee: hufungua koki, hupima swichi, huangalia kama maji ya bafuni yanakwenda, na marekebisho huanza siku ileile. Jambo hilo ni zito, kwa sababu mtoto asiyeweza kunawa uso yumo hatarini kupata ugonjwa wa vikope, ambao umewasumbua watu wa jangwani kule kwa miaka mingi.

Maji ya visima vya jangwani yana chumvichumvi inayoziba mabomba na kuua hita mapema, na fundi akitoka mjini bila kipuri kinachotakiwa, safari nzima imepotea. Ndiyo maana naona ilikuwa kosa, baada ya mwaka 2007, kuziondolea taasisi za vijijini usimamizi wa nyumba na kuukabidhi kwa serikali iliyo mbali. Mlango ule ulihitaji ubao, bawaba tatu na kitasa; fundi anayeishi palepale angeumaliza kabla ya adhuhuri.