Mzee, choo kilikuwa rangi gani?

Chuoni swali hilo tuliliuliza mdoli wa plastiki, tukapata alama zote. Kisha nikapangiwa wodi ya wanaume, hapa Mwanza. Kitanda cha dirishani alilazwa mzee mvuvi kutoka Ukerewe, na mimi naweza kuwa mjukuu wake. Pembeni amesimama mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, ameshika chupa ya uji.

"Shikamoo mzee. Haja kubwa inakwendaje?"

"Vizuri tu, mwanangu."

Nikaandika kwenye faili: choo cha kawaida. Mapigo ya moyo 112 kwa dakika, ya mbio; presha 118 kwa 70, nzuri. Nikasema moyoni, huyu kachoshwa na meli ya kutoka Nansio, bandari ya kwao.

Saa nane usiku alijaza beseni damu.

Tulimlaza ubavu ili damu isiingie mapafuni, kanula kubwa mbili (vimpira vya mshipani), moja kila mkono, sampuli mbio maabara kutafuta damu inayolingana na yake, mdomoni kisiingie kitu, vipimo kila dakika 15. Asubuhi, mkwewe akiwa nje, mzee akaninong'oneza kwamba choo kilikuwa cheusi, ni siku ya nne sasa. Angesemaje mbele ya mkwe? Nilimwelewa kabisa. Nisingesema hata mimi.

Ugonjwa wake ulikuwa kichocho. Ukisema kichocho, watu wengi hufikiria kukojoa damu. Hicho kipo, lakini kinachotujazia vitanda huku ziwani ni cha tumbo. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, inataga, na baadhi ya mayai husombwa na damu hadi kwenye ini. Huko yanaacha makovu kuzunguka mshipa unaoingiza damu. Miaka inapita, njia inazidi kuwa nyembamba, na damu inatafuta uchochoro mwingine. Bandama inavimba, na mishipa ya damu ya sehemu ya chini ya koo la chakula inatuna mpaka siku inapasuka. Mtu hasikii maumivu yoyote. Jana alikuwa anavuta nyavu.

Damu hiyo si lazima itapikwe. Nyingine inashuka, inameng'enywa njiani, inatoka nyeusi, inanata, na ina harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Dada wetu wa usafi huitambua akiwa mlangoni, na mara mbili amenitangulia. Na yale mapigo 112 niliyoyasingizia meli? Mtu akivuja damu, moyo huanza kukimbia mapema, presha ikiwa bado inajikaza. Siku hizi presha nzuri yenye mapigo ya mbio hainipi usingizi.

Na kuuliza nimebadilisha. Nangoja mkwe aende kununua chai. Navuta pazia, nakaa ukingoni mwa kitanda (matroni hapendi, naomba asisome hapa), naanza na mgongo. Wavuvi wote wana mgongo. Hapo ndipo diklofenaki za dukani, dawa za maumivu, zinapojitokeza, mbili asubuhi mbili jioni, nazo zinachubua tumbo na kuchochea kutoka damu. Kisha nauliza: kinanata kama lami? Ukimwaga maji kinagoma kuondoka? Rangi peke yake haitoshi, maana vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo cheusi, ila hakinati wala hakina harufu ile.

Mzee wangu aliongezewa chupa tatu za damu. Baadaye aliingizwa mpira wenye kamera, mishipa ikafungwa kwa vipete vya mpira. Akapewa prazikwanteli, ambayo inaua minyoo lakini makovu haiyafuti, na propranolo ya kushusha msukumo kwenye ile mishipa. Nilimfundisha kuhesabu mapigo yake kwa saa ya simu: yakiwa chini ya 55, asimeze, aje. Kuhusu kutorudi majini tulielewana kwa kutazamana tu. Atakula nini?

Mwezi uliopita alikuja kliniki. Korido imejaa, mkwewe nyuma amebeba mfuko wa dagaa. Sijamaliza kusema shikamoo, sauti ya mtu aliyezoea kuita mtumbwi wa pili ikanifikia:

"Mwanangu! Kahawia!"

Mkwewe akaangalia dari.