Sketi Isiyofupika

Mimi ni mshonaji wa nguo hapa Kadutu, Bukavu. Kila mwisho wa Agosti kibanda changu hujaa mama na watoto wao, maana shule zinafungua na kila mmoja anataka sketi ya buluu na shati jeupe kabla ya Jumatatu. Nina kaye moja nene ya jalada jekundu ninamoandika vipimo: kiuno, mabega, urefu wa sketi kutoka kiunoni hadi chini ya goti. Mtoto wa mtu naweza kumwona mara moja tu kwa mwaka, na bado nikakuambia ameongezeka sentimita ngapi. Wangu ndiye sikumwona.

Mwaka 2018 binti yangu alikuwa na miaka saba, anaingia darasa la pili. Nilimshonea sketi nikamwachia pindo nene la sentimita sita, nilikunjue mwaka unaofuata. Mwaka ukafika, sketi bado inakaa vizuri. Nikakisifu kitambaa! Halafu ikaja 2020 na korona yake, shule zikafungwa Machi, darasa lake likarudi Oktoba, na katika vurugu ile akavaa sketi ileile. Pindo halijaguswa.

Aliyenishtua ni mteja. Binti yangu na mdogo wake wa kiume walikuwa wameketi mlangoni, mama yule akauliza, "Mama Fundi, huyu mkubwa anasoma shule gani?" Alikuwa anamwonyesha mdogo, aliyezaliwa miaka miwili nyuma ya dada yake. Nilicheka kidogo, kwa mdomo tu. Usiku ule nikafungua kaye. Sketi ya binti yangu: 41 mwaka 2018, 41 na nusu mwaka 2019, 42 mwaka 2020. Mtoto wa jirani, rika lake kabisa: 42, 45, 48. Namba nimeziandika kwa mkono wangu, zimelala kurasa mbili tofauti, na sikuwahi kuzilinganisha.

Dalili nyingine zilikuwepo, ila kila moja tulikuwa tumeipatia maelezo yake. Alivaa sweta hata saa sita za mchana. Lakini Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, nani anamshangaa mtoto wa sweta? Choo alikipata kwa shida, tukasema hanywi maji. Ngozi ilikuwa kavu kama gunia, nikabadilisha mafuta. Uso ulivimba kidogo, watu wakasema ananona, unamlisha vizuri. Meno ya utotoni hayakutaka kung'oka. Na alikuwa mpole mno, anakaa pale unapomweka, shuleni anapata asilimia 78, mwalimu anamsifu mbele ya wenzake. Wenzake walimwita Kafupi. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Kituo cha afya cha karibu walimpa dawa ya minyoo mara mbili, kisha sirapu ya chuma kwa sababu damu ilikuwa pungufu. Jirani mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto "amefungwa", nitafute mtu wa kumfungua. Mama mkwe alisema ukoo wao ni wafupi, niache kuhangaika.

Mama mkwe ni mtu wa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, na ana rovu, ule uvimbe wa mbele ya shingo. Si kubwa, ila likiwa chini ya kitambaa cha kichwa alichokifungia shingoni unaliona. Kwa hiyo siku nilipogundua shingo ya binti yangu nayo imejaa kidogo mbele, jibu lilikuwa tayari nyumbani: ni ile ya Idjwi, mtilie chumvi ya pakiti yenye iodini, nyingi. Akawa anamwongezea chumvi hadi mboga ya sombe hailiki.

Nikampeleka kwa daktari wa watoto. Nilibeba kaye yangu kwa aibu, nikaitoa mwishoni, nikisema pengine haina maana. Aliishika akakaa nayo muda mrefu kuliko karatasi zote za kituo. Akampima ukutani: sentimita 113, kilo 25, na umri ni miaka tisa na ushee. Akaniambia mtoto wa umri huu huongezeka kama sentimita tano au sita kwa mwaka, akishuka chini ya nne lazima utafute sababu. "Mama, njaa ikimpiga mtoto, kwanza inakula kilo, ndipo urefu. Huyu kilo anazo. Urefu ndio umesimama." Watoto wafupi kwa ukoo, akasema, wanabaki wafupi lakini kila mwaka wanapanda ngazi yao; pindo lao ungelikunjua.

Kuhusu Idjwi alinieleza jambo ambalo mama mkwe mwenyewe hakuwa analijua. Kisiwa kile ni maarufu kwa wanaosoma habari za tezi ya shingoni. Watafiti Wabelgiji walifanya kazi huko miaka ya 1960, wakakuta iodini ni haba kaskazini na haba vilevile kusini-magharibi, lakini marovu yamejaa kaskazini. Lawama wakaiweka kwenye muhogo: usipolowekwa vya kutosha, mwilini huacha kitu kinachoizuia tezi kuchukua hata ile iodini kidogo iliyopo. Mama mjamzito asiye na iodini anaweza kuzaa mtoto ambaye ubongo na urefu vyote vimeathirika. Basi wasiwasi wa mama mkwe ulikuwa na mizizi. Kwetu lakini daktari alishuku jambo jingine, kwa kuwa tunakula chumvi yenye iodini miaka yote.

Damu ikachukuliwa kupima TSH. Tezi ya tiroidi, ile ya shingoni yenye umbo la kipepeo, ambayo homoni yake humkuza mtoto, hufanya kazi kwa kuamriwa na tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, na TSH ndiyo sauti ya hiyo amri. Nilimwelewa haraka: nami msichana wangu wa kazi akisinzia kwenye mashini napaza sauti, asipoamka napaza zaidi. Kwa kawaida sauti hiyo haipiti 5 hivi. Ya binti yangu ilikuwa zaidi ya 100. Picha ya mkono wa kushoto ilionyesha mifupa ya mtoto wa miaka sita. Kipimo cha mwisho kilionyesha kwamba askari wa mwili wake wenyewe wanaishambulia tezi. Ugonjwa unaitwa Hashimoto, kwa jina la daktari Mjapani aliyeueleza mwaka 1912. Iodini ya ziada haiutibu, inaweza hata kuuchochea, na chumvi ya bibi ikakoma siku ileile. Kumweleza bibi kulichukua wiki mbili.

Dawa ni kidonge kidogo cha levotiroksini, homoni ya tezi iliyotengenezwa, kila siku, na kwa mtoto wangu huenda ikawa maisha yote. Tulianza na mikrogramu 25, ikapandishwa polepole. Kinamezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, na chai isubiri nusu saa au zaidi. Kukiandaa ni rahisi, kazi ni kila siku. Nilijaribu kuweka kengele ya simu. Simu inaishiwa moto, umeme hakuna. Mwishowe nikaweka kidonge ndani ya kikombe kilichofunikwa, juu ya sanduku la mashini ya kushona, mahali ambapo siwezi kukaa asubuhi bila kukiona.

Miezi mitatu ikapita, tukarudi kupima: TSH 40. Daktari alikuwa ameshashika kalamu aongeze dozi, akasita. "Asubuhi anameza nini kingine?" Nikamtajia ile sirapu ya chuma, ambayo nilikuwa nampa saa ileile ili nisiisahau. Kumbe chuma hukishika kidonge tumboni, mwili usikipate. Vitenganishwe kwa muda wa masaa manne angalau. Kalisiamu nayo vivyo hivyo. Nikaihamishia sirapu jioni, dozi ikaachwa ilivyo, na kipimo kilichofuata kikawa 6. Hakuna aliyeniambia mapema, nami sikuuliza.

Sasa sehemu iliyonipa tabu kuliko zote. Daktari alinionya tangu mwanzo, nikamsikia kwa sikio moja. Mtoto akaamka. Yule mpole wa kukaa unapomweka akaanza kukimbia, kujibizana, kugombania kitanda na mdogo wake. Nywele zikapungua kidogo, baadaye zikarudi. Buletini, ile ripoti ya shule, ikateremka kutoka 78 hadi 59. Mwalimu aliniita akasema dawa inamharibu mtoto. Baba yake akataka tupumzishe vidonge "mwezi mmoja tu, tuone". Hapo ndipo nilipokasirika. Utulivu tuliokuwa tunausifu ulikuwa ugonjwa, mtoto alikuwa anasoma kwa sababu hakuwa na nguvu ya kufanya kingine. Nikachora mstari ukutani nyuma ya mlango, nikaandika tarehe kila mwezi, nikamwita baba yake aangalie kabla hajasema neno. Mwaka wa kwanza: sentimita tisa. Buletini ilipanda tena baada ya mihula kadhaa, ingawa 78 haijaonekana mpaka leo, na simdai.

Kununua dawa nako kuna vita vyake. Kuna majuma inakosekana mjini. Siku moja muuzaji alinipa vidonge vya 100 badala ya 50, akisema ni dawa moja, jina ni lile lile. Jina ndiyo, namba hapana; tangu siku hiyo nasoma namba kwanza. Fedha zinatoka kwenye avek yetu, kikundi cha washonaji cha kuweka akiba na kukopeshana: natenga sehemu yangu ya mgao ninunue ya miezi mitatu kwa mpigo, na pakiti zinakaa ndani ya bati la maziwa, mbali na jua. Damu tunapima kila miezi sita sasa. Mwaka wa kwanza ilikuwa mara nyingi zaidi.

Daktari hakunificha kwamba miaka tuliyopoteza haitarudi yote. Ana miaka kumi na minne, bado ni mfupi kuliko rika lake, ila mdogo wake hamtambii tena, na Kafupi hakuna anayelitamka. Kazi yangu nayo imebadilika kidogo: mtoto akija Agosti na pindo halijaguswa miaka miwili, namwonyesha mama yake ile kurasa. Wengine wananikasirikia. Watatu walikwenda kupima. Wawili hawana kitu, mmoja bado wanamfuatilia.

Utaratibu wetu ni kwamba vidonge vikibaki chini ya arobaini, tunanunua. Jumamosi nilimkuta ameketi na bati la maziwa mapajani, anahesabu mwenyewe. Thelathini na mbili. Kesho nateremka Nyawera kununua.