Kosa la memori haliko pale programu inapofia

Chukua programu ya C ya kupokea kahawa kwenye chama cha msingi huku Moshi. Jina la kijiji linatengewa nafasi ya memori kwa malloc(strlen(jina)), yaani baiti sawa na idadi ya herufi, halafu linanakiliwa kwa strcpy. Baiti ya sifuri inayofunga jina imesahauliwa. Ingiza "Kilimanjaro", herufi 11, na huoni tatizo: kwenye Linux ya biti 64, glibc, maktaba ya C inayogawa memori, hutoa angalau baiti 24, kwa hiyo sifuri inapata pa kukaa. Ingiza "Kijiji cha Marangu Mtoni", alama 24 pamoja na nafasi, na sifuri hiyo inaangukia pale glibc inapoandika ukubwa wa kipande cha jirani. Programu inaweza kuendelea vizuri tu, kisha ikafia kwenye free (amri ya kuachia memori) isiyohusika kabisa. Kujaza printf za kuchungulia thamani pale ilipofia ni kupoteza siku nzima.

Anza na AddressSanitizer, kinasa makosa ya memori kinachoingizwa ndani ya programu wakati wa kuikompaili. Kwenye Ubuntu inakuja pamoja na gcc, kwa hiyo hailii bando:

gcc -g -O1 -fno-omit-frame-pointer -fsanitize=address kahawa.c -o kahawa

Sasa hata "Kilimanjaro" ananaswa papo hapo, kwa sababu kila kipande kimezungushiwa eneo lisiloruhusiwa kuguswa. Ripoti inakupa mstari ulioandika nje ya mpaka na mstari uliotenga kipande. Soma yote miwili. Mara nyingi dawa iko kwenye ule wa pili.

Kasi hushuka kama mara mbili. Memori iliyoachiwa haitumiki tena mara moja, hushikiliwa hadi MB 256 ili atakayeigusa aonekane. Kwa laptop ya RAM ya GB 4 hiyo inabana, basi weka ASAN_OPTIONS=quarantine_size_mb=32, ukijua kwamba makosa yanayochelewa yanaweza kukupita. Ukiona top, orodha ya programu zinazoendeshwa, inataja terabaiti kwenye safu ya VIRT usishtuke. Ni anwani tu zilizowekewa nafasi, si RAM.

Kisichoonekana hapo ni kusoma memori ambayo haijawekewa thamani. Hiyo ni kazi ya Valgrind, zana inayoendesha programu yako huku ikikagua kila inavyotumia memori. Kompaili upya bila -fsanitize, maana hawa wawili hawakai pamoja:

valgrind --track-origins=yes --leak-check=full ./kahawa

Ni ya polepole, mara 10 hadi 30 na zaidi, na haioni safu (array) iliyofurika kwenye staki, memori ya vigeu vya ndani ya kazi (function). Hulalamika pale thamani chafu inapoamua if, si pale ilipozaliwa, ndiyo maana track-origins ni ya lazima. Kwenye uvujaji, yaani memori iliyotengwa bila kuachiwa, shughulika kwanza na "definitely lost". Ukiiweka Valgrind kwenye majaribio ya Makefile (faili la amri za kujenga programu) ongeza --error-exitcode=1, la sivyo majaribio yatapita hata ripoti ikijaa makosa.