Makosa matatu, na bado akafukuzwa

Jumamosi, katika mechi ya mpira wa kikapu ya shule za sekondari hapa Bukavu, mchezaji wetu alikataa kutoka uwanjani, akimwonyesha mwamuzi vidole 3 na kudai kwamba hajafikisha makosa 5. Kwa maoni yangu, makocha wengi huiruka sehemu hii ya sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu: kosa 1 la kiufundi (la tabia, kama kumkosea mwamuzi heshima) likijumlishwa na 1 la utovu wa uanamichezo (kama kumgonga mpinzani kwa nguvu kupita kiasi), mchezaji hufukuzwa hata kama hajafikisha makosa 5, wala haruhusiwi kubaki kwenye benchi kama aliyemaliza makosa 5, bali huenda chumba cha kubadilishia nguo au huondoka kabisa (kwetu chumba hakipo, hivyo alisimama nyuma ya ukuta akiendelea kufoka). Nahodha ndiye aliyemshika mkono: “Mdogo wangu, toka, tusiongezewe adhabu.” Hata hivyo, mwamuzi angemweleza nahodha sababu mapema, ubishi ule usingerefuka.