Tulihama, tulihamishwa

Juzi usiku binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake la Historia ya Tanzania na Maadili, akaniuliza, "Mama, watu wa Rufiji walihama au walihamishwa?" Nilikuwa nachambua mchele. Vidole vilisimama juu ya ungo, na nikaisikia sauti ya bibi inakatika, tak, kama kaseti inavyokata ikifika mwisho.

Mwaka wa pili Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2004. Historia na sayansi ya siasa. Ndugu waliuliza digrii hiyo italeta kazi gani, na sikuwa na jibu, ila sijawahi tena kuwa na kiu ya kujua kama ile. Kwenye siasa tulifundishwa kuuliza nani anatoa amri na kwa nguvu gani. Kwenye historia tuliulizana nani aliona, alimsimulia nani, na alisimulia lini. Siku moja tulisoma andiko la Mwalimu Nyerere la Septemba 1967 kuhusu ujamaa vijijini, pale anaposisitiza kwamba watu wasilazimishwe, halafu tukasoma agizo la Novemba 1973 kwamba mpaka mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini. Miaka sita tu katikati! Nilitoka darasani kichwa kinawaka.

Wiki hiyo hiyo kwenye historia tukasimuliwa habari za wanafunzi wa Mlimani waliotumwa makwao mwaka 1968 kuwauliza wazee habari za vita vya Majimaji. Nikapiga hesabu. Mwaka huo ndio wa mafuriko makubwa ya Rufiji. Wenzetu wale walipokuwa wakihoji wazee juu ya 1905, maji yalikuwa yanaingia mlangoni kwa bibi yangu. Baada ya hapo ikaja Operesheni Rufiji, watu wakatolewa bondeni wakapelekwa juu. Bibi hakuna aliyemhoji. Basi nikajua likizo naenda wapi.

Safari nisiisimulie. Mbagala, Kibiti, Ikwiriri, kisha vumbi. Nilikuwa na redio kaseti ya kuazima na kaseti moja ya rafiki yangu wa chumbani. Upande wa kwanza alinipa nifute. Upande wa pili ulikuwa na taarabu zake, akaniapisha nisiuguse. Kwa hiyo nilikuwa na dakika 45 za bibi yangu.

Niliporudi niliandika insha mbili kutokana na kaseti ile moja, kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa. Ya siasa ilihusu dola na mkulima, nikapata A. Ya historia haikurudi. Mhadhiri aliniita ofisini akasema nije na kaseti.

Naiona ofisi ile mpaka leo. Feni iliyokuwa inazunguka kwa kusitasita, mafaili yamepanda mpaka dirishani, redio ya zamani imewekwa juu ya kiti kwa sababu mezani hapakuwa na nafasi. Alitumbukiza kaseti, akachukua penseli na karatasi tupu, akanyamaza. Kwanza jogoo. Halafu mtu anatwanga kwa mbali. Halafu bibi, na mimi nikaona haya kama vile amenikuta mahali nisipopaswa kuwa.

"Lori lilikuja asubuhi. Tulihamishwa siku hiyo hiyo. Wali ulikuwa jikoni haujaiva, nikapanda na chungu changu mapajani."

Penseli ikaandika. Nikasikia sauti yangu, nyembamba, ina haraka: "Nani aliwaambia mhame, bibi?"

"Maji ndiyo yaliyotuambia kwanza, mjukuu wangu. Serikali ikaja nyuma yake. Wengine tulishahama wenyewe, tunalala kwa jamaa. Na tulipohamia huku mama yako akaanza shule. Kule bondeni asingesoma, mto ukijaa njia hakuna."

Mhadhiri alibonyeza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akasimamisha. Aligeuza karatasi kuelekea kwangu. Alikuwa ameandika maneno matatu, moja chini ya jingine: tulihama, tulihamishwa, tulihamia. Akaweka insha yangu pembeni yake. Kila mahali bibi aliposema lolote kati ya hayo, mimi nilikuwa nimeandika kitenzi kimoja cha Kiingereza, kile cha kuhamishwa kwa nguvu, na yeye amekizungushia penseli ukurasa hadi ukurasa.

"Bibi huyu ana maneno matatu," alisema, taratibu, bila ukali. "Wewe umempa moja. Mengine umeyapeleka wapi, binti?"

Nilitaka kusingizia Kiingereza. Ukweli ni kwamba niliyasikia yote matatu tangu nikiwa kwenye mkeka wa bibi, na nikachagua, kwa sababu hoja yangu ya siasa ilisimama vizuri zaidi kwa neno moja. Na hoja ile haikuwa ya uongo. Lori lilikuwa la serikali, na siku lilipofika hakuna aliyeulizwa kama yuko tayari. Mpaka leo nalisema hilo kwa sauti. Lakini bibi alinipa na maji, na shule ya mama, na kulala kwa jamaa, nami nikaviacha vyote kwenye kaseti.

Sikujibu kitu. Akabonyeza tena, kaseti ikaendelea.

"Ila msimu wa kilimo cha mlau ulipofika," bibi akasema, sauti imechangamka, "maji yamepungua, udongo mweusi, wewe, sisi tulishu..."

Tak.

Mhadhiri aliniangalia. "Upande wa pili?"

"Taarabu," nikasema.

Bibi hakunyamaza siku ile. Aliendelea mpaka magharibi, jinsi walivyoshuka tena bondeni kulima, wakajenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, na kulinda mpunga usiku wasije viboko. Nakumbuka mkono wake umeinuliwa kuonyesha dungu lilivyokwenda juu. Maneno yenyewe siyakumbuki, na bibi alifariki 2009.

Nilimwambia binti yangu aandike yote mawili, walihama na walihamishwa, aongeze na la tatu. Akaniambia mwalimu anataka jibu moja lenye sababu. Yeye angalau anaandika kwa Kiswahili, maneno yote matatu yanaingia. Akainama akaandika, kisha akauliza, "Na bibi wa Temeke, yeye alikuwa wapi?"

Bibi wa Temeke ni mama yangu. Alikuwa na miaka saba, ndani ya lori lile, pembeni ya chungu cha wali. Nimesoma miaka mitatu, nimesimulia habari za kaseti hii mara nyingi, na sijawahi kumuuliza.