Miaka mitatu na Bondia, Boxer wangu, kwenye joto la Dar

Bondia, mbwa wangu wa aina ya Boxer, alifika kwangu akiwa na wiki nane, rangi ya kahawia yenye mistari myeusi, uso mweusi umejikunja kama wa mzee anayetafuta miwani. Jina alimpa mwanangu siku hiyohiyo, nilimwambia huyu ni Boxer akasema basi ni Bondia, na jina likamkaa kwelikweli maana kila kitu anakipiga kwa miguu ya mbele, ndoo, mlango, kandambili, mpira, na baadae watu.

Mi nimekulia kwenye nyumba zenye mbwa, wale wetu wa kulinda uwani, mchana mnyororo usiku wanafunguliwa, wanakula makombo, basi. Nkajua na huyu ataishi hivyohivyo. Nikamjengea banda la mbao na bati nyuma ya nyumba, nikanunua mnyororo. Alilia usiku mpaka alfajiri, nkasema atazoea, na hakuzoea. Alipofika miezi minane alikuwa na kilo kama 25, akifunguliwa anazunguka nyumba kama amemwagiwa upupu, anashusha kanga kwenye kamba, anamwangusha mtoto, anachimba mashimo chini ya ukuta. Nilikuwa naamini ni mkorofi na nilishamchapa mara kadhaa, jambo ambalo linaniuma mpaka leo. Boxer walitengenezwa Ujerumani, kule Munich, mwishoni mwa miaka ya 1800, damu yao inatoka kwa mbwa waliokuwa wanakamata nguruwe pori na wanyama wengine wakubwa, kwa hiyo ni mbwa wa kazi, alafu ni mbwa wa watu, anataka awepo ulipo. Mnyororo ulikuwa unamnyima vyote viwili. Na hawa wanachelewa kukomaa, mwili unakuwa mkubwa lakini utoto unaendelea mpaka miaka miwili hata mitatu.

Kilichonifungua macho ni Ijumaa moja. Geti lilikuwa wazi, mzee jirani yetu anapita kwenda msikitini, kanzu nyeupe imenyooshwa, na Bondia akatoka mbio kwa furaha akamwekea miguu yote miwili kifuani na kumpaka mate mpaka kwenye kofia. Kwa mate ya mbwa mzee wa watu hawezi kwenda kuswali vile, ilibidi arudi kwake. Nilimfuata nikiwa natetemeka, nikamwambia, "Nisamehe sana mzee wangu, nipe kanzu nikaifue mimi mwenyewe." Akasema, "Kufua najua mwanangu, ni maji mara saba na moja yake ya udongo. Wewe kamfundishe mnyama wako, hana kosa huyo." Hakupandisha sauti hata kidogo. Ijumaa ile alichelewa hotuba kwa sababu yangu.

Wiki ileile mnyororo nikautoa. Bondia akahamia kwenye baraza ya nyuma, usiku analala koridoni kwenye gunia lake karibu na mlango wa chumba chetu, na kulia kuliisha usiku wa kwanza, yaani usiku mmoja tu.

Kuruka ndio tulianza nako. Niligundua kila mtu nyumbani anamfundisha kivyake, mimi nasema "kaa chini", mke wangu anasema "tulia", mtoto anapiga kelele na kukimbia, dada wa kazi anamsukuma kwa mikono, na kwa Boxer kusukumwa ni mchezo, ndio kwanza anaongeza. Tukakaa mezani tukakubaliana maneno manne tu, kaa, subiri, njoo, acha, na wote tuyatamke vilevile. Alafu sheria moja, miguu ya mbele ikiwa hewani hakuna anayemtazama wala kuongea nae, unampa mgongo, unakunja mikono, unakuwa kama nguzo ya umeme. Miguu minne ikigusa chini, hapohapo dagaa. Dagaa wakavu wa Mwanza, wasiwe na chumvi, nilikuwa natembea nao mfukoni mpaka kazini wenzangu walinilalamikia harufu. Mafunzo ni dakika tano, mara nne tano kwa siku, ukizidisha anachoka anaanza utundu. Wiki mbili za mwanzo alizidi kuruka, hapo wengi wanakata tamaa, mi pia nusura, ila wiki ya tatu nikamuona anakuja mbio, ananyanyua mguu mmoja, anafikiria, anaushusha, anakaa. Nilimpa mkono mzima wa dagaa.

Sasa niwaambie kuhusu joto, naomba mlichukulie kwa uzito maana nilikaribia kumpoteza. Boxer ana pua fupi, na mbwa anajipoza kwa kuhema, kwa hiyo pua ile inampoza kidogo sana na yeye mwenyewe hajui kuacha kucheza. Ilikuwa Februari, saa nane mchana, mi niko kazini, watoto wa mtaa wakaja kucheza nae mpira. Nilikuta ulimi umekuwa mpana na rangi ya zambarau, mate mazito kama ute wa bamia yanamning'inia, miguu ya nyuma inayumba. Nilimvuta kivulini nikamwagia maji ya bomba ya kawaida, tumboni, kwapani, shingoni, huku mke wangu anampepea kwa mfuniko wa ndoo, tukamtia kwenye bajaji akiwa amelowa hivyohivyo. Daktari wa mifugo alimpima akakuta digrii 41 na kitu wakati kawaida ya mbwa ni 38 mpaka 39, akamwekea dripu. Alisema kumwagia maji kabla ya kuja ndio kulikomsaidia, tungempakia amekauka angeweza kufia njiani.

Toka siku ile mpira ni kabla jua halijachomoza. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tuko nje, siku ya maji kupwa tunashuka ufukweni, namfunga mkanda wa kifuani badala ya kola ili koo lisibanwe, na kamba ndefu ya mita kumi. Anakimbia dakika arobaini, saa moja kasoro tumerudi. Jioni tunatembea tu baada ya magharibi. Mchana nampa kazi ya pua, nachukua gunia, natia makumbi ya nazi, katikati nazika dagaa kumi na tano, naliweka barazani kivulini. Anatafuta nusu saa nzima, anahema taratibu, akimaliza analala fofofo. Nakaa karibu nae tu asije akameza kumbi. Kiukweli lile gunia limemtuliza kuliko mbio zozote.

Chakula anakula mara mbili, asubuhi na jioni, sio sinia moja kubwa, na baada ya kula hakuna kukimbia angalau saa nzima, mbwa wenye kifua kirefu kama hawa tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota, na hiyo inaua ndani ya masaa. Napika dona na utumbo, maboga au mchicha, vitunguu siweki kabisa ni sumu kwao. Unga nachagua kama wa kula mwenyewe, yale mahindi yaliyoota ukungu watu wanasema "ya mbwa" yana sumukuvu, inamharibu ini. Mikunjo ya uso nafuta kila jioni kwa kitambaa chenye unyevu alafu nakausha. Na kupe jamani, kati ya vidole, ndani ya masikio, chini ya mkia, kila siku. Mwaka wa kwanza nilizembea, akapata homa ya kupe, fizi zikawa nyeupe na mkojo kama chai ya rangi, sindano na damu kupimwa zilinigharimu kuliko dawa ya kupe ya mwaka mzima. Chanjo ya kichaa cha mbwa hiyo sina mjadala nayo, kila mwaka.

Saivi ana miaka mitatu, kilo 31. Bado anamrukia kijana wa kuleta maji, sababu huyo kijana nae anampenda na anamuita kwa kupiga mapaja, nimeshaongea nae, tunaendelea. Ila mzee wa kanzu akipita, nasema "kaa" mara moja, Bondia anakaa kwenye kizingiti cha geti, kiuno chote kinatingishika kwa furaha lakini makalio hayatoki chini. Mwezi uliopita mzee alisimama upande wa pili wa njia akamtazama kwa muda, akaniuliza, "Anakula samaki?" Nikamwambia, "Anakula sana, mzee wangu." Jioni mjukuu wake akaja na mfuko wa vichwa vya changu. Nilivichemsha, nikakaa barazani natoa miba mmoja mmoja kwa vidole, Bondia amekaa pembeni yangu, udenda unadondoka sakafuni, anasubiri.