Fremu Moja Iliyochelewa
Wachezaji wengi wa michezo ya video huangalia wastani wa fremu (yaani picha moja moja zinazounda mwendo kwenye skrini) kwa sekunde pekee, ilhali kinacholiudhi jicho ni fremu moja iliyochelewa. Katika kasi ya fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina takriban milisekunde 16.7 za kuandaliwa. Moja ikichukua milisekunde 50, mchezo hukwama waziwazi hata kama wastani unabaki mzuri. Ndiyo maana, kwenye skrini ya hezi 60, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, napendelea kuuwekea mchezo kikomo cha fremu 30 zilizo thabiti kuliko kuziacha zipande na kushuka kati ya 40 na 55. Tena nawasihi: mchezo unapoandaa sheda, yaani programu ndogo zinazoielekeza kadi ya michoro kuhusu mwanga na rangi, msiukatize, kwani zisipoandaliwa mapema huandaliwa katikati ya pambano.